Visubi kwenye banda la kobe: usikimbilie sumu

KOBE ni mnyama asiye na makuu. Halii wala habweki, na akipata jua na majani anaweza kuishi miaka mingi uani bila kumsumbua mtu. Kero huanza pale anapofungiwa ndani, kwenye sanduku la kioo au la mbao, kama walivyozoea wengi waliorejea kutoka nchi za baridi. Baada ya wiki chache, ukiinua kifuniko tu, wingu la visubi linakupanda usoni.

Wengi hapo hukimbilia dawa ya kupuliza. Ndugu msomaji, hilo ndilo kosa linaloua kobe. Dawa nyingi za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu, na mishipa ya kobe haijakingwa dhidi yake. Yeye hutembea pua ikigusa udongo, hula kilichoangukiwa na dawa, na bandani hana pa kukimbilia. Hatari zaidi ni zile chupa zisizo na lebo zinazouzwa kwenye masoko ya mpakani, eti ni dawa ya kunguni. Hata dawa ya pareto, ambayo wengi huiamini kwa kuwa inatokana na maua, si ya kupuliza alipo kobe.

Kwanza jua unapambana na nani. Nzi wa matunda ana rangi ya kahawia, mara nyingi macho mekundu, na huzengea tunda lililoanza kuchacha. Kisubi cha udongo ni cheusi, chembamba, chenye miguu mirefu, na hurukaruka kivivu karibu na ardhi. Wote wawili hawamng'ati kobe.

Nzi wa matunda hukamilisha kizazi kwa siku 10 hivi kukiwa na joto, kwa hiyo ganda la embe lililosahauliwa Jumatatu linatosha kukuletea balaa wiki inayofuata. Ondoa mabaki ya chakula kila jioni. Tena, kobe wetu wa madoa anayeonekana porini Afrika Mashariki ni mla nyasi. Matunda matamu humvuruga tumbo. Ukimpunguzia matunda umetibu mambo mawili kwa mpigo. Waliobaki wategee siki kidogo iliyotiwa tone la sabuni ya maji, ndani ya kikopo chenye matundu madogo, nje ya banda ili kobe asiinywe.

Kisubi cha udongo kina kazi zaidi, kwa sababu mabuu yake hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo wenye unyevu, yakila ukungu na majani yaliyooza. Kuwaua wanaoruka peke yao ni kutwanga maji kwenye kinu. Toa udongo wa juu, weka mwingine mkavu, acha hewa ipite, na uhamishe beseni la maji lisimwagike hovyo. Kizazi kimoja huchukua wiki tatu hadi nne, basi usikate tamaa siku ya tano. Wapo wanaotumia bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, anayeua mabuu bila kumdhuru kobe. Ni wa kundi lilelile linalotumika kutengeneza dawa ya viluwiluwi vya mbu katika kiwanda cha Kibaha, Tanzania, kilichozinduliwa mwaka 2015.

Wa kuogopwa kweli ni nzi wakubwa, wale wa kijani na wa buluu. Hao hutaga kwenye kidonda au sehemu ya haja iliyochafuka, na mayai huweza kuanguliwa ndani ya siku moja, funza wakaanza kula nyama hai. Mgeuze kobe wako kwa upole kila siku umkague chini ya mkia na kwenye mikunjo ya miguu. Ukiona funza, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa wanaovuka mipaka, kobe wote wa nchi kavu wamo kwenye mkataba wa CITES, na yule mwembamba wa kwenye nyufa za mawe aliwekwa kwenye daraja kali kuliko yote mwaka 2019. Usivuke naye bila vibali, hata kama ni zawadi. Na mwenye vibali amsafirishe kwenye boksi lenye karatasi kavu, udongo wa banda la zamani aumwage hukohuko, maana mayai ya visubi husafiri ndani yake.