Beetle ya mwaka gani? Fungua macho kabla ya kufungua kibeti

HUENDA wewe pia umo katika kundi la wale ambao, wakiona Volkswagen Beetle ikipita barabarani na ule mlio wake wa kukohoa, husimama kando wakaitazama mpaka ipotee. Labda mwalimu wako wa shule ya msingi alikuwa nayo. Labda baba yako aliiuza ili ulipiwe karo, na tangu siku hiyo umeapa kwamba ukipata kazi utanunua nyingine.

Sasa kazi umepata, akiba kidogo ipo, na mtu fulani amekuambia kuna moja inauzwa. "Ni ya 1970, bado ina nguvu," anakuapia. Kabla hujakimbia benki, keti tuzungumze kidogo. Swali si kama Beetle ni gari zuri. Swali ni Beetle ya mwaka gani, na utajuaje kwamba mwaka unaotajiwa ndio mwaka wenyewe.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu hakujiuliza swali hilo. Aliuziwa Beetle aliyoambiwa ni ya 1970, yenye injini ya 1500. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati, inang'aa kama sahani mpya. Mwezi wa pili akawapakia mkewe na mtoto wao wa miaka minne, wakateremka bonde la Mai Mahiu kwenda kusalimia wakwe. Katikati ya mteremko alikanyaga breki, kanyagio likazama mpaka sakafuni. Bomba moja la breki lilikuwa limepasuka, na breki za magurudumu yote manne zikaondoka pamoja. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima. Wote watatu walitoka wazima. Mkewe hajapanda gari hilo tena.

Fundi alipoinua kiti cha nyuma na kusoma nambari ya chesisi, ukweli ulijitokeza. Chesisi ilikuwa ya modeli ya 1965. Madigadi ya mbele yalikuwa ya gari jingine, na injini pia. Ukiona vyaelea, vimeundwa!

Kwa nini mwaka ni muhimu

Watu wengi hudhani Beetle zote ni sawa kwa sababu umbo lake halikubadilika sana. La hasha. Kiwanda cha Ujerumani kiliacha umbo lilivyo, lakini karibu kila mwaka kilibadilisha kitu ndani: breki, taa, gia au injini. Gari lilipendwa hivyo hivyo, na tarehe 17 Februari 1972 lilivunja rekodi ya Ford Model T kwa kufikisha magari 15,007,034. Beetle ya mwisho kabisa ilitoka kiwandani nchini Mexico tarehe 30 Julai 2003.

Hapa kwetu sifa zake zilianzia kwenye mashindano ya Safari. Rekodi zinaitaja Volkswagen kuwa mshindi mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Gari lisilo na rejeta, ambalo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, lilipita kwenye tope na vumbi ambapo magari makubwa yalikwama. Lakini sifa za gari la 1962 hazitakusaidia ukinunua gari ovyo leo.

Jambo moja la kukumbuka: kiwandani, mwaka wa modeli ulianza mwezi Agosti, baada ya likizo ya wafanyakazi. Kwa hivyo Beetle iliyoundwa Septemba 1967 ni modeli ya 1968. Nacho kitabu cha usajili, au logibuku kama tulivyozoea kukiita, huenda kikaonyesha mwaka gari liliposajiliwa, si mwaka wa modeli. Ndiyo maana usiridhike na karatasi peke yake.

Sasa tuzipitie, kundi moja baada ya jingine.

Zile za kabla ya 1961

Hizi ni za wakusanyaji. Zile za zamani zaidi, hadi Machi 1953, zina dirisha la nyuma lililogawanywa vipande viwili. Kisha zikaja zenye dirisha dogo la mviringo kama yai hadi Julai 1957. Baada ya hapo dirisha likapanuliwa.

Ukiipata moja kamili umepata hazina. Lakini ni hazina ya kuwekwa chini ya paa, si ya kupelekea watoto shuleni. Gia ya kwanza haiingii vizuri gari likiwa kwenye mwendo, na hakuna geji ya mafuta. Petroli ikipungua, gari linaanza kukohoa, nawe unageuza kijiko kidogo kwa mguu ili upate akiba iliyobaki. Hebu fikiria ukifanya hivyo katikati ya mzunguko wa magari mjini.

Kutoka 1961 hadi 1965

Hapa mambo yalianza kuwa mazuri. Modeli ya 1961 ilipewa injini ya 1200 yenye nguvu za farasi 34 na gia nne zote zinazoingia bila kupiga kelele. Geji ya mafuta ilikuja na modeli ya 1962. Mwaka wa 1965 vioo vya madirisha vikapanuliwa, dereva akaona vizuri zaidi.

Vijana wengi huulizia sana ya 1963, kwa sababu Herbie, lile gari lenye nambari 53 katika filamu ya The Love Bug, ni Beetle ya 1963. Ni gari la kupendeza, sikatai. Lakini lina umeme wa volti 6. Baba yangu alikuwa na la aina hiyo, na safari za usiku kutoka Nakuru nazikumbuka mpaka leo. Taa zilikuwa kama mishumaa miwili, naye mama alitoa kichwa dirishani kumwambia baba barabara iko wapi. Tena breki zake zote nne hutegemea mfumo mmoja wa mafuta. Bomba moja likipasuka, umebaki na breki ya mkono na maombi. Ndiyo yaliyompata yule kijana wetu.

Za 1966 na 1967

Modeli ya 1966 ilileta injini ya 1300 yenye nguvu za farasi 40 pamoja na viungo vya mbele vya aina mpya vinavyolifanya gari ligeuke kwa wepesi. Modeli ya 1967 ilileta injini ya 1500 yenye nguvu 44, na kwa soko la Ulaya hiyo 1500 ilikuwa na breki za diski mbele.

Mafundi wengi wa zamani huipenda sana ya 1967. Ina sura ile ya kale, taa zake za mbele zimelala nyuma na bampa zake ni nyembamba, lakini ina nguvu ya kupanda mlima. Kama moyo wako uko kwenye sura ya kale na bado unataka kuendesha, hapa ndipo pa kutafuta. Hata hivyo, uliza kuhusu umeme, kwa maana nyingi zilikuwa bado volti 6. Ikiwa imebadilishwa, hakikisha kazi ilifanywa kikamilifu, siyo betri tu.

Kutoka 1968 hadi 1970

Msomaji, kama una familia na unataka gari moja la kale ambalo utaliendesha Jumapili bila kutetemeka, ushauri wangu ni huu: tafuta hapa.

Modeli ya 1968 ilibadilika kwa mambo yanayookoa maisha. Breki ziligawanywa katika mifumo miwili, ili mmoja ukivuja mwingine ubaki. Usukani ulipewa mhimili unaojikunja gari likigonga, badala ya kumchoma dereva kifuani. Magari ya 1300 na 1500 yakapewa volti 12, hivyo taa zikawa taa. Mafuta nayo yakawa yanatiwa kupitia kifuniko cha nje, upande wa kulia mbele, badala ya kufungua boneti.

Utaitambua kwa taa za mbele zilizosimama wima na bampa nene zilizo juu zaidi. Lakini kumbuka kwamba madigadi hufungwa kwa bolti, na mtu anaweza kuyahamisha kutoka gari moja hadi jingine kwa muda wa saa chache. Jihadhari pia na ile 1200 ya bei nafuu, ambayo iliendelea kutoka na volti 6 baada ya wenzake kubadilishwa.

Kuanzia 1971

Kuanzia mwaka huu utakutana na aina mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida. Ya pili ni 1302, na baadaye 1303 ya modeli ya 1973 yenye kioo cha mbele kilichopinda. Hizi zina nafasi kubwa zaidi ya mizigo mbele, na magurudumu yake ya nyuma hushika kona vizuri. Zile za zamani zina tabia ya kukunja magurudumu ya nyuma ndani ukikanyaga breki ghafla katikati ya kona. Injini za miaka hii pia hupoa vizuri zaidi, kwa sababu kipozeo cha oili kilihamishwa kutoka mahali kilipokuwa kikiichemsha silinda namba 3.

Tatizo ni vipuri. Sehemu za mbele za 1302 na 1303 si sawa na za Beetle nyingine, na kioo kile kilichopinda hakiingiliani na cha kawaida. Kabla ya kununua, pita madukani kule Kirinyaga Road uulize. Ukirushwa kutoka duka moja hadi jingine, umepata jibu lako.

Namna ya kuujua mwaka wa kweli

Kwanza, inua kiti cha nyuma usome nambari iliyogongwa kwenye chesisi. Nyingine iko kwenye kibati nyuma ya gurudumu la akiba, chini ya boneti. Nambari hizo mbili zilingane, kisha zilingane na logibuku. Zisipolingana, mshukuru mwenye gari uende zako, hata kama bei ni ya kutupa.

Kuanzia modeli ya 1965 nambari yenyewe inasema. Ikianza na 115, ni modeli ya 1965. 116 ni ya 1966. 118 ni ya 1968. 110 ni ya 1970. Kabla ya hapo nambari zilifuatana tu bila kutaja mwaka.

Pili, soma nambari ya injini iliyogongwa chini ya jenereta. Herufi D ni 1200, F ni 1300 na H ni 1500. Injini kubadilishwa si dhambi, magari haya yana umri. Dhambi ni kukuficha.

Tatu, tazama namba ya usajili. Mfululizo wa KAA wenye herufi mwishoni ulianza mwaka 1989. Beetle iliyosajiliwa hapa kabla ya hapo ingekuwa na herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho. Ukikuta namba mpya kwenye gari la 1968, uliza kwa nini. Fanya pia uchunguzi rasmi wa NTSA kujua mwenye gari ni nani. Na usidanganywe kwamba utaagiza nyingine nje kwa urahisi: kwa kawaida Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini.

Kutu haijali mwaka

Baada ya kusema yote hayo, kuna neno moja kubwa kuliko mwaka: kutu. Beetle nzuri ya 1965 ni bora kuliko ya 1969 iliyoliwa. Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Isiposhika, chini ya rangi kuna filla. Kagua sakafu chini ya betri, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma. Kagua pale panapowekwa jeki, na ile mihimili miwili chini ya milango inayopitisha hewa ya moto. Ikiwa imeoza, mlango ukifunguliwa hushuka. Gari lililoishi Mombasa au Malindi likague mara mbili, kwa kuwa chumvi ya bahari haina huruma.

Kagua pia mipira ya petroli huko nyuma kwenye injini. Mpira wa mia chache ukipasuka juu ya injini moto, gari zima huteketea. Ubadilishe siku ile ile unayonunua.

Mwisho, usitoe akiba yote kwa kununua. Igawe mara tatu: fungu moja la kununua, moja la kutengeneza bodi na breki, na moja liketi. Kama mafungu hayo hayatoshi, ngoja mwaka mwingine. Beetle imengoja zaidi ya miaka 50, itakungoja.

Yule kijana wetu hakuiuza yake. Aliing'oa rangi yote, akaweka breki mpya na mabomba mapya, na kwenye kioo cha nyuma akabandika kikaratasi chenye ukweli: 1965. Siku hizi huiendesha polepole mtaani asubuhi za Jumapili, peke yake. Anasema mkewe ameanza kuitazama kutoka dirishani. Nawe, usingoje kufundishwa na mteremko wa Mai Mahiu. Inua kiti kwanza, usome nambari, ndipo utoe pesa.