Alama tatu zinazoamua tiba ya saratani ya matiti

Saratani ya matiti, ingawa huitwa kwa jina moja, ina aina zenye tabia tofauti, na kinachozitofautisha ni alama za kibaiolojia, yaani jeni na protini zinazoonyesha uvimbe unategemea nini ili ukue. Zipo alama za kurithi, kama vile mabadiliko katika jeni za BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, ambayo huongeza hatari ya ugonjwa katika ukoo. Lakini wagonjwa walio wengi hawana mabadiliko hayo. Kwa mwanamke wa Kisesa anayepewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, jijini Mwanza, muhimu zaidi ni alama zilizomo ndani ya uvimbe wenyewe.

Alama hizo ni vipokezi vya estrojeni, vipokezi vya projesteroni, na HER2. Kipokezi cha homoni ni protini ya seli inayoinasa homoni. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni hustawi kwa homoni hiyo, na ndiyo maana tamoksifeni, kidonge kinachoviziba, ambacho mgonjwa humeza kila siku kwa miaka 5 au zaidi, hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi. HER2 ni protini inayozidi pale jeni yake inapojirudufu kupita kiasi, nayo hukabiliwa kwa trastuzumabu, dawa ghali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Uvimbe usio na alama hata moja, unaoonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, hutegemea zaidi tibakemikali.

Yote hayo husomwa kwenye kipande cha nyama kilichokatwa titini. Kisipotumbukizwa katika formalini (kimiminika cha kukihifadhi) ya kutosha ndani ya saa 1, na kukaa humo kati ya saa 6 na 72, protini zake huweza kuharibika, maabara ikasoma hasi palipokuwa na chanya. Hapo mwanamke hukosa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemfaa, ilhali dawa ipo, kwa sababu tu chupa ya formalini haikuwa tayari siku aliyokatwa kipande. Uzembe huo haukubaliki, hasa pale mgonjwa aliposafiri na kutumia akiba ya familia ili afike hospitali.

Kwa hiyo kila anayekatwa kipande aulize majibu ya alama zote tatu kabla ya kuanza dawa, na apewe kwa maandishi.