Sura ya Saba: Picha Inapocheza

Mtu wa Katesh au Dongobesh akirekodi video kwa simu na kukuta picha inacheza, lawama huenda kwa mkono wake au kwa simu yake. Akiulaumu mkono, anaacha kurekodi. Akiilaumu simu, anapanda basi mpaka Babati, pengine Arusha, anamkabidhi fundi, na fundi anabadilisha kamera ambayo labda haikuwa na kasoro yoyote. Nauli imekwenda, pesa ya kamera imekwenda, na kwenye harusi inayofuata picha inacheza vilevile. Dawa isitafutwe kabla ya kujua mtikisiko unatoka wapi. Unaweza kutoka mkononi, kwenye upepo au ardhi, au ndani ya kamera yenyewe. Wakati mwingine hakuna mtikisiko kabisa, ni mwanga tu unaolidanganya jicho.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Iegemeze simu kwenye kitu kizito juu ya meza imara, mchana, karibu na dirisha. Ielekeze kwenye kitu kisichosogea, kama mlango au kabati. Zima mtetemo wa simu ili ujumbe ukiingia usivuruge kipimo. Bonyeza kurekodi, ondoa mkono, acha nusu dakika ipite, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia. Unapoitazama video, ruka sekunde za mwanzo, maana kidole chako kiliitikisa simu wakati wa kubonyeza.

Picha ikiwa imetulia, kamera ni nzima na mtikisiko uko nje ya simu. Ikitetemeka huku simu haijaguswa, na hasa ukisikia mlio mwembamba au kitu kinachogongagonga karibu na lenzi, ubovu uko ndani. Ikiwa inaonekana vizuri, inafifia, inarudi tena, na kingo zake zinakaribia na kusogea mbali, hiyo ni kamera inayohangaika kulenga. Na kama kiganja chako kiliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupita katikati, kamera haina kosa: simu imejaa, imepata joto, au kadi yake ya kumbukumbu ni ya polepole, na baadhi ya fremu zinaachwa njiani. Wengi huita hali hiyo kutetemeka, lakini tiba yake ni kufuta mafaili na kuipumzisha simu kivulini.

Rudia kipimo ukiwa umevua kava, kisha kwa kila lenzi ya nyuma, kisha kwa kamera ya mbele. Kamera ya mbele ikitulia huku ile kuu ya nyuma ikitetemeka, umeshajua ni kipande kipi kina tatizo, na maelezo hayo yatamsaidia fundi kuliko kusema tu kwamba simu inasumbua.

Ili kuelewa kinachoharibika, inafaa kujua kilichomo. Katika simu nyingi za bei ya juu, na baadhi ya zile za bei ya kati, lenzi ya kamera kuu haikukazwa. Imening'inizwa kwa nyaya au springi nyembamba mno, na pembeni yake kuna koili na sumaku ndogo. Ndani ya simu kuna kipimaji cha mzunguko, jairoskopu, kinachohisi simu imeinama kiasi gani na kuelekea wapi. Mkono ukishuka kidogo, umeme hupita kwenye koili na sumaku huisogeza lenzi kufidia mwendo ule, mara nyingi sana kwa sekunde. Nokia Lumia 920 ya mwaka 2012 ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza kuuzwa zikiwa na utaratibu huo. Simu za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi minadani na madukani kwetu, hazina lenzi ya namna hiyo. Zenye kutuliza picha hufanya kazi hiyo kwa programu: hukata kingo za picha, kisha huisogeza sehemu iliyobaki ili ionekane imetulia. Ndiyo maana ukiwasha kitulizi cha programu, picha huonekana imesogea karibu kidogo kuliko ulivyoiona kabla.

Tofauti hii ina faida kwa mwenye simu ya bei nafuu. Lenzi isiyoning'inia haiwezi kukatika springi. Simu yake ikitulia mezani na kucheza mkononi, hakuna cha kupeleka kwa fundi. Ikicheza hata mezani, mshukiwa wa kwanza ni mota ya kulenga.

Mwenye simu ya lenzi inayoning'inia ana adui ambaye katika wilaya za Mbulu na Hanang yuko kila mahali, nayo ni pikipiki. Kutoka Mbulu kwenda vijiji vya pembezoni, au kupandisha Mlima Magara, bodaboda ndiyo usafiri, na dereva wa siku hizi hufunga simu kwenye usukani ili aone anayepiga. Injini ya bodaboda ina silinda moja. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inapiga mtikisiko mara 100 kila sekunde, na mtikisiko huo unapanda kwenye fremu, unaingia kwenye usukani, unapita kwenye kishikio cha chuma na kuishia kwenye springi zile nyembamba. Mkono wa binadamu hutetemeka mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Lenzi ilitengenezwa kwa ajili ya mkono.

Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari rasmi kuhusu jambo hili. Ilisema mitikisiko mikubwa ya aina fulani, hasa ya injini za pikipiki zenye nguvu, inaweza kudhoofisha mfumo wa kutuliza picha na wa kulenga katika simu za iPhone, ikashauri simu zisifungwe kwenye pikipiki hizo. Kwa skuta na pikipiki ndogo ilishauri kishikio chenye kumeza mtikisiko, na hata hicho kisitumike kwa muda mrefu mfululizo. Tahadhari ile ilihusu simu zake, ila springi ni springi, na simu ya kampuni nyingine yenye lenzi ya namna hiyo haina kinga ya pekee. Ninawasihi madereva wa bodaboda walichukulie jambo hili kwa uzito. Weka simu kwenye mfuko wa koti kifuani. Mwili wako unameza sehemu kubwa ya mtikisiko kabla haujafika kwenye simu.

Adui wa pili hana kelele. Kava za kufunika kama pochi hufungwa kwa sumaku, na vishikio vingi vya kwenye dashibodi ya gari hunasa simu kwa sumaku vilevile. Lenzi inayoning'inia hujua mahali ilipo kwa kupima nguvu ya sumaku zake ndogo. Sumaku ya kigeni ikikaa karibu, vipimo vinavurugika na lenzi inasukumwa isikotakiwa. Ndiyo sababu ya kuvua kava wakati wa kipimo: ikiwa mtetemo unaisha kava ikitoka, umemaliza kazi bila kufungua simu. Na ukiona mtu anatuliza kamera mbovu kwa kubandika sumaku kando ya lenzi, elewa kwamba ameibana tu isisogee. Springi iliyokatika imebaki vilevile.

Kama ubovu umethibitika, hakuna fundi anayezishona springi zile. Kinachofanyika ni kubadilisha kamera nzima. Uliza kama kamera anayoweka ni mpya au imetolewa kwenye simu nyingine iliyokufa, maana iliyotolewa huja na historia yake ya kuanguka na kulowana. Kabla ya kulipa, rekodi hapohapo dukani kitu cha karibu kwa urefu wa kiganja, halafu kitu cha ng'ambo ya barabara, ukisikiliza mlio. Simu nzima ya aina hii ikitikiswa kidogo karibu na sikio inaweza kutoa sauti ndogo ya lenzi inayosogea, na sauti hiyo si ubovu. Mlio usiokoma kamera ikiwa wazi ndio wa kuogopa.

Lakini video nyingi zinazocheza zilirekodiwa na simu nzima. Jumapili ya 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Taifa liliona yaliyotokea kwa kiasi kikubwa kupitia simu za watu waliokuwa pale. Katika saa za namna hiyo kuokoa watu kunatangulia, na hakuna wa kumdai aliyerekodi huku anakimbia. Siku zinazofuata ni jambo jingine: mtu anarekodi mahali ilipokuwa nyumba, mpaka wa shamba, njia iliyopitwa na tope, kwa ajili ya ndugu walio mbali au kwa ajili ya tathmini. Hapo picha iliyotulia ina thamani ya ushahidi. Anayeitazama anataka kulinganisha mti na mlima nyuma yake, na hawezi ikiwa vyote viwili vinaruka.

Kosa linaloharibu video za namna hii kuliko mengine yote ni kuvuta picha karibu. Hanang una zaidi ya mita 3,400, na aliye Katesh akitaka kuonyesha kovu la maporomoko huko juu, hufungua vidole viwili kwenye kioo mpaka mwisho. Fanya hesabu. Lenzi ya kawaida ya simu huona upana wa takribani nyuzi 70. Video yenye upana wa nukta 1,920 inagawa nukta 27 hivi kwa kila uzi mmoja. Mkono ukipotoka uzi 1, picha inahama nukta 27, na kitulizi kinaweza kuzifidia. Ukivuta mara 5, upotokaji uleule unahamisha picha nukta 135 au zaidi, na kitulizi kinashindwa. Mkono haujabadilika. Sogea kwa miguu kama kuna njia salama. Kama haipo, rekodi pana na uache mlima ukae wote kwenye picha.

Mkononi, shika simu kwa mikono miwili, bana viwiko kwenye mbavu, egemea ukuta au mti. Kwenye ngoma za Wadatoga, ambapo vijana wanaruka juu na kushuka, usiwafuate kwa simu kila wanaporuka. Simama mbali kidogo, acha nafasi juu ya vichwa, waruke ndani ya picha.

Upepo wa Hanang ni habari nyingine. Katika tambarare za ngano za Basotu hakuna cha kuuzuia, na tripodi nyepesi ya plastiki hutetemeka hata ikiwa imekaa imara chini. Ukirefusha miguu yake unaupa upepo mahali pa kushika. Hapa nina imani kubwa na kitu ambacho hakikosekani katika nyumba za Mbulu wala Hanang, yaani maharage. Tafuta mfuko wa kitambaa kigumu, utie kilo mbili au tatu, usiujaze; acha theluthi moja wazi ili punje ziweze kuhama. Ufunge, uweke juu ya ukuta mfupi, boneti ya gari lililozimwa au jiwe. Pasua bonde katikati kwa ukingo wa kiganja, kisha ididimize simu humo ikiwa imelala kwa ubavu, kioo kikikutazama. Punje zinasogea zenyewe na kulishika umbo la simu pande zote mbili, na msuguano kati ya punje na punje unakula mtikisiko mdogo unaotoka chini. Wapiga picha wa wanyama mbugani wametumia mifuko ya aina hii madirishani mwa magari kwa miaka mingi. Mahindi pia yanafaa, ila maharage yana uzito mzuri na yanateleza vizuri zaidi.

Simu ikishakaa kwenye mfuko au tripodi, zima kitulizi cha programu kama mipangilio inaruhusu. Usipozima, unapogeuza simu polepole kufuata msafara, programu itadhani ni mtikisiko, itaing'ang'ania picha, kisha itaiachia kwa kuruka. Tena usiisimamishe tripodi kando ya spika kubwa za harusi. Besi hutikisa jukwaa na hata sakafu, na picha hutoka na mawimbi kama uji. Mawimbi hayo huja kwa sababu sensa ya simu haisomi picha yote kwa mara moja. Huisoma mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Mtikisiko wa kasi ukipita katikati ya usomaji, mistari ya juu inaona nguzo mahali pamoja na ya chini inaiona mahali pengine. Video iliyorekodiwa kwenye usukani wa pikipiki huharibika kwa njia hiyohiyo.

Ndani ya nyumba au kanisani jioni, mwanga ukipungua, simu huacha kila fremu ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, hadi karibu sehemu ya 1/30 ya sekunde, na mtetemo wa kawaida wa mkono unakuwa ukungu. Kitulizi hakiondoi ukungu uliokwisha kuingia ndani ya fremu. Ongeza taa, au msogeze bwana harusi dirishani. Taa nazo zina lao: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiona mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye video, tafuta kwenye mipangilio ya kamera sehemu ya kuzuia mpepeso, uchague 50. Na kamera ikihangaika kulenga, kwa mfano majani ya ngano yanapopita mbele yake, bonyeza kidole na ushikilie juu ya kile unachokilenga mpaka alama ya kufuli itokee. Simu nyingi zina uwezo huo katika programu zake za kamera. Ukirekodia ndani ya WhatsApp, mara nyingi hupati kufuli hiyo, wala kitulizi kamili.

Video iliyokwisha kurekodiwa ikiwa inacheza bado inaweza kutulizwa baadaye. Google Photos ina kitufe cha kutuliza, na programu za kuhariri zinacho pia. Zote zinakata kingo, kwa hiyo aliyerekodi pana ana cha kukata, na aliyejaza uso wa mtu kwenye kioo atapoteza paji au kidevu. Mawimbi ya pikipiki na ukungu wa gizani hubaki. Fanya kazi hiyo kwenye nakala na uihifadhi video ya awali. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, itume kama faili la hati badala ya video, kwa sababu ikipita kama video inabanwa, na maelezo madogo ambayo kitulizi kinayafuata yanafutika kabla hajaanza kuihariri.