Samaki wa ndoana: Yupi wa kula, yupi wa kurudisha majini?

Vwawa. Umekaa na mshipi tangu asubuhi kwenye mto unaoingia Ziwa Rukwa, halafu anatoka magege wa ukubwa wa kiganja. Unampeleka jikoni au unamrudisha?

Wengi watasema samaki ni mboga, basi. Lakini wapo samaki ambao ukiwala leo, umekula na wa mwakani.

Kwa nini suala hili linaigusa Songwe

Ziwa Rukwa, ambalo Songwe inalitumia pamoja na mikoa jirani, lina kina kifupi na halina mto unaotoa maji nje. Maji yake hupanda na kushuka kufuata mvua. Yakipungua, samaki hubanana sehemu ndogo na kuwavua kunakuwa rahisi. Wakivuliwa kabla ya kuzaa, hakuna wa kujaza nafasi yao.

Sheria inaangalia urefu

Kwa Ziwa Victoria, hairuhusiwi kuvua sato aliye chini ya sentimita 25, wala sangara aliye chini ya sentimita 50. Lengo ni samaki azae walau mara moja kabla ya kufika sokoni.

Magege ana sababu ya ziada. Jike hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, na vifaranga hukimbilia humo humo wakiona hatari. Akinaswa, mara nyingi huwatema. Kwa hiyo mama mmoja anaweza kuondoka na kizazi kizima.

Wenzetu wanafanyaje?

Scotland, zaidi ya asilimia 90 ya salmoni wanaonaswa kwa ndoana mitoni hurudishwa majini, kwa kuwa wamepungua sana. Watamu nchini Kenya, taasisi ya African Billfish Foundation, iliyoanza mwaka 1990, inahimiza wavuvi wa michezo kuwafunga alama sulisuli na nduaro kisha kuwaachia, ili ijulikane wanakosafiri.

Sio wote wanaokubali. Uswisi na Ujerumani, kumvua samaki kwa kujifurahisha tu ukiwa umeshapanga kumwachia kunahesabiwa kuwa ni kumtesa mnyama. Kwao, ukivua wa kufaa kula, unakula.

Hoja hiyo ina uzito hata huku. Anayevua kwa ajili ya familia hana sababu ya kuona aibu kubeba samaki mkubwa nyumbani. Wa kurudisha ni mdogo, na mama mwenye mayai au vifaranga mdomoni.

Ukimrudisha vibaya, umemuua

Samaki anaweza kuogelea akaondoka, kisha akafa baadaye. Ili apone:

- Lowesha mikono kwanza. Mikono mikavu humtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa.
- Usimtupe kwenye mchanga wala kumshika mashavuni.
- Ndoana ikiwa imeingia tumboni, usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo.
- Bana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachozuia samaki kuchomoka. Itatoka kirahisi.
- Picha iwe ya haraka. Hewani magege hapati pumzi. Kambale ndiye anayevumilia, maana ana kiungo cha kuvuta hewa.

Kama anatoka damu nyingi mashavuni, hana matumaini makubwa. Huyo, ikiwa sheria inaruhusu, ni afadhali aende jikoni kuliko kuoza majini.

Ndoana peke yake haitoshi

Mwenye ndoana ana nafasi ya kuchagua samaki mmoja mmoja. Kokoro halichagui. Linakokotwa kwenye maji mafupi, palepale magege anapochimba viota, na linazoa wakubwa na wadogo kwa pamoja. Ndiyo maana limepigwa marufuku.

Na mnunuzi naye ana sehemu yake. Fungu la vidagaa vya magege likikosa mteja sokoni, anayewavua hana faida ya kurudi nao kesho.