Mgeni afikaje Ewuaso Kedong? Njia za usafiri na tahadhari zake

WATALII na wageni wengine wanaozuru Ewuaso Kedong, katika Kaunti ya Kajiado, hulazimika kuchagua baina ya matatu, gari la kukodi, treni na bodaboda. Uchaguzi huo, pamoja na saa ya kuondoka, ndio huamua iwapo safari itakuwa ya raha au ya karaha.

Mji huo mdogo uko nyuma ya Milima ya Ngong, ndani ya Bonde la Ufa, kando ya barabara itokayo Ngong kupitia Kibiku na Kimuka hadi Suswa. Kiutawala umo katika wadi ya Ewuaso Oonkidong'i, eneobunge la Kajiado Magharibi.

Katika lugha ya Kimaasai, 'ewuaso' ni mto. Hata hivyo, mgeni afikaye wakati wa kiangazi huenda asione maji, kwani mikondo mingi ya bonde hilo hukaa mikavu kwa muda mrefu na kisha kufurika ghafla mvua inaponyesha milimani. Jambo hilo lina uzito mkubwa kwa msafiri, kama itakavyoelezwa.

Wakazi wa Kitengela na mji wa Kajiado huenda wakadhani kwamba safari hiyo ni fupi kwa kuwa wamo katika kaunti moja. Sivyo. Kaunti ya Kajiado ni pana, na njia ya kawaida kutoka miji hiyo ni kupitia Isinya, kuingia barabara ya Kiserian, kisha kufika Ngong kabla ya kuteremka bondeni. Anayetumia matatu hubadilisha gari zaidi ya mara moja, hivyo ni vyema atenge siku nzima.

Kwa anayetoka katikati ya jiji la Nairobi, matatu za nambari 111 humfikisha Ngong kupitia Karen. Akiwa Ngong, sharti atafute gari jingine liendalo Ewuaso au Suswa. Hapo atapata matatu na magari madogo aina ya Probox yanayobeba abiria kwa kuchangia nauli.

Magari haya hayafuati ratiba iliyoandikwa, bali huondoka yakijaa. Asubuhi, na hasa siku za soko, hujaa upesi. Alasiri abiria hupungua, na mgeni aliyechelewa huweza kungoja hadi jua lizame.

Neno 'matatu' lenyewe latokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu rasmi magari hayo kubeba abiria. Februari 2004, kanuni zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Ziliagiza kuwapo kwa mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni mwa gari.

Kanuni hizo ndizo kipimo rahisi cha mgeni. Gari ambalo limebeba watu kupita idadi ya viti vyake, au lisilo na mikanda, limevunja sheria hata kama abiria wengine hawalalamiki. Si adabu mbaya kukataa kuliingia na kungoja jingine. Kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika ajali za barabarani nchini Kenya mwaka 2022, na idadi ikapita 4,000 tena mwaka 2023.

Njia ya pili ni gari la kukodi. Programu za simu za kuitia teksi, zilizoanza kutumika Nairobi katika muongo uliopita, humfaa mtu anayekwenda Ngong. Zaidi ya hapo mambo hubadilika. Dereva ajuaye kwamba hatapata abiria wa kurudi naye huenda akakataa safari, au akadai alipwe kwenda na kurudi. Kwa hivyo ni bora kuafikiana naye mapema juu ya bei ya siku nzima, mafuta yakiwemo, na saa ya kurejea.

Wageni wanaokusudia kupanda Mlima Suswa, ambao una urefu wa mita 2,356 na unasifika kwa mapango na kasoko zake mbili, wahitaji gari la magurudumu manne yenye nguvu. Njia za huko si za lami, na vumbi lake hugeuka tope zito mvua inyeshapo. Aidha, sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya jamii au ya watu binafsi, hivyo hairuhusiwi kuacha njia na kuendesha gari malishoni bila idhini.

Njia ya tatu ni reli. Awamu ya pili ya reli mpya ya SGR, kutoka Nairobi hadi Suswa, ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Oktoba 2019. Ina urefu wa kilomita 120, na hupita chini ya Milima ya Ngong kwa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa takriban kilomita nne na nusu. Vituo vyake ni pamoja na Ongata Rongai, Ngong, Mai Mahiu na Suswa.

Wengi hudhani kwamba reli hiyo imetatua shida ya mgeni wa Ewuaso. Ukweli ni kwamba treni hupita bondeni bila kusimama katika mji huo. Anayeshuka Suswa bado atahitaji gari la kumrejesha upande wa Ewuaso. Faida ya treni ni mandhari na nafuu ya kuepuka msongamano wa magari, lakini ni chache, hivyo msafiri athibitishe ratiba kabla ya kuondoka nyumbani.

Akishafika, mgeni huzunguka kwa bodaboda. Jina hilo lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pikipiki zilienea kote nchini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT kwa zile ndogo mwaka 2008. Katika maeneo ya wafugaji, ambako boma moja huwa mbali na jingine, pikipiki ndiyo hufika pasipofikiwa na matatu.

Sheria humruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu na koti linalong'aa. Mgeni aulize kofia kabla ya kuuliza bei. Kisha bei ikubaliwe kabla ya kupanda, ikielezwa wazi kama ni ya kwenda tu au na kurudi. Malipo kwa M-Pesa ni ya kawaida, ila mtandao wa simu huweza kukosekana nyuma ya vilima, hivyo noti ndogo ndogo ni akiba.

Punda nao wana nafasi yao, ingawa si kwa kumbeba mtalii. Hao ndio hubeba maji na mizigo ya akina mama. Thamani yao ilidhihirika machinjio ya punda yalipozua malalamiko ya wizi, hata serikali ikaagiza yafungwe Februari 2020. Miaka minne baadaye, Muungano wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani. Dereva akutanaye na punda barabarani ajue kwamba anakutana na tangi la maji la familia.

Hatari kuu ya njia hii ni mvua. Machi 2018, maji yalifukua korongo kubwa karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Aprili 29, 2024, mafuriko ya ghafla karibu na Mai Mahiu yaliwaua makumi ya watu usiku. Msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, msafiri asivuke mkondo unaojaa hata akiona wengine wakithubutu. Maji ya bondeni huja kwa kasi na pia hupungua upesi. Saa chache za kungoja ni bora kuliko gari kusombwa.

Hatari ya pili ni usiku. Mifugo na wanyamapori huvuka barabara, taa ni adimu, na malori yaendayo Narok huitumia njia hiyo. Ni busara safari zote kukamilika kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Hatimaye kuna suala la heshima. Novemba 1895, msafara mkubwa wa wapagazi uliokuwa ukitoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamaasai katika Bonde la Kedong, na mamia wakauawa. Uchunguzi wa Waingereza wenyewe ulibaini kwamba wenyeji walikuwa wamechokozwa na watu wa msafara. Zama hizo zimepita, lakini adabu ya msafiri ingali ile ile: kusalimu wazee, kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kuuliza njia kabla ya kuifuata. Mwenyeji akijibu kwamba mto haupitiki leo, mgeni na aamini.