Kitabu cha kwanza cha programu: mzazi mchimbaji alipe nini, aache nini

Sisi wa sendika tumezoea maswali ya bei ya koltani, ya karte ya mchimbaji na ya mashimo yanayoanguka. Siku hizi kuko swali lingine linakuja karibu kila mwezi. Mtoto amepata diploma ya Serikali, pesa ya université haiko, na anamwambia baba yake: "Papa, unipe pesa ya kitabu, nitajifunza programasion mimi peke yangu." Baba anauliza kitabu gani. Mtoto hajui. Anashuka Birere, anarudi na kitabu kikubwa chenye picha nzuri juu, na kisha wiki mbili kitabu kinakaa juu ya kabati pamoja na Biblia.

Hiyo pesa ilitoka ndani ya shimo. Kabla ya kufika nyumbani PDG wa shimo alikuwa amekata yake, mwenye kubeba amekata, négociant amekata. Njo maana naona inafaa kuongea juu ya vitabu hivi kama tunavyoongea juu ya kizio: kupima kwanza, kulipa baadaye.

Neno moja mbele ya kuendelea. Vijana wanasema "kodi" wakitaka kusema maandishi ya programu. Kwetu kodi ni ile pesa wanayotudai kwenye bariere, na mama mmoja alishtuka kusikia kijana wake anataka "kuandika kodi usiku". Hapa nitasema programu tu.

Programu ni maagizo unayoandikia mashini, mstari kwa mstari, na inayafuata vile yalivyo. Yanaandikwa kwa lugha maalumu, na lugha hizo ni nyingi. Kwa mwenye kuanza, nashauri Python. Ilitolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ni ya bure, na maneno yake si magumu. Kuko watakaokuambia uanze na C, na watakuonyesha kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978. Ni kitabu kidogo cha sifa kubwa, lakini wenyewe walikiandika kwa watu wanaojua tayari kuandika programu. Kumpa mtoto asiyejua kitu ni kama kumtuma ndani ya puits bila tochi.

Ukishika kitabu cha Python, fungua kurasa za kwanza na utafute neno print. Kama maneno yanayofuata yako ndani ya mabano, ni Python 3, chukua. Kama hakuna mabano, ni Python 2, lugha ya zamani iliyoachwa kabisa tarehe 1 Januari 2020. Rudisha, hata kama bei ni nusu. Mitumba ya vitabu inafika mingi hapa Goma, na muuzaji hajui tofauti. Mtoto atanakili mfano wa kwanza, mashini itakataa, na atafikiri ni yeye asiye na akili. Kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko pesa.

Pima ya pili ni lugha ya kitabu. Watoto wetu wamesoma kwa kifaransa, na kuko wanaoona aibu kusema kwamba kiingereza hawakielewi. Kujifunza vitu viwili vigeni mara moja ni kazi mara mbili. Kiingereza kitakuja pole pole, maana maneno ya Python yenyewe ni ya kiingereza, lakini ni machache.

Pima ya tatu: mazoezi yenye majibu. Kijana wa Ndosho au wa Rubaya asiye na mwalimu karibu, akikwama zoezi la tatu, nani atamfungulia? Kitabu bila majibu ni cha mwenye mwalimu. Na vile vinavyoahidi kukufundisha kwa siku 21, au kwa saa 24, uviache hapo. Peter Norvig, mtu aliyeongoza utafiti kule Google, aliandika akisema ufundi huu unadai miaka kumi. Sisi tunajua: hakuna aliyejifunza kusoma jiwe kwa siku 21.

Sasa, kitabu gani? Mimi natia cha Gérard Swinnen mbele, "Apprendre à programmer avec Python 3". Ni mwalimu wa Ubelgiji aliyefundisha watoto wa sekondari, na inaonekana: anaeleza kwanza ni nini kinapita ndani ya mashini, hapandishi mlima haraka, na majibu ya mazoezi yako. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba mwenyewe ametoa ruhusa ya kukinakili na kukigawa, mradi usikifanyie biashara. Yaani faili lake la PDF unaweza kulipata bure kwenye intaneti, ukampa jirani, na si wizi. Nyinyi mliosoma na syllabus za kulazimishwa, zile ambazo usiponunua hupiti mtihani, mtaelewa kwa nini namsifu mtu wa namna hii.

Kiko cha pili cha kifaransa, kozi ya Patrick Fuchs na Pierre Poulain wa université ya Paris, nayo iko bure kwenye intaneti. Ni nzuri, lakini waliiandika kwa wanafunzi wa biolojia, na mifano mingi ni ya protini na ADN. Kwa mtoto aliyefanya biokimia inafaa sana. Aliyefanya komersiale atachoka. Na aliyesoma Uganda au Kenya, kiingereza kimeingia, asome cha Al Sweigart, "Automate the Boring Stuff with Python". Kinasomwa bure pia, na kinafundisha kazi za ofisi: kupanga mafaili, kujaza tablo za Excel. Koperative zetu zinahitaji mtu wa namna hiyo, maana tangu kodi ya mine ya 2018 mchimbaji anatakiwa kuwa ndani ya koperative, na rejista nyingi bado ni kayee iliyolowa mvua.

Kuagiza kitabu Ulaya sikutaji. Kadi ya benki wengi wetu hatukuwa nayo, na tangu Januari 2025, benki zilipofunga milango na ndege kukoma kutua, njia hiyo si ya mchimbaji.

Watu wanauliza: na ordinateri? Telefone ya Android inatosha kuanza. Kuko programu inaitwa Pydroid 3; unaipakua mara moja penye wifi, kisha inafanya kazi bila intaneti. Ndani ya telefone hiyo kuko tantali, labda ya kwetu wenyewe. Mwaka 2024 Baraza la Usalama liliambiwa kwamba Rubaya peke yake inatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia.

Na hapa njo sababu sendika inaingilia mambo ya vitabu. Négociant anapima teneri na mashini yake, anapiga kalkileta, anatamka hesabu. Mchimbaji anapokea. Tazama programu ambayo kijana anaweza kuandika kisha sura chache tu za Swinnen:

uzito = float(input("Kilo ngapi? "))
teneri = float(input("Teneri asilimia ngapi? "))
bei = float(input("Bei ya asilimia moja kwa kilo? "))
print(uzito * teneri * bei)

Mistari minne. Haitazuia mizani iliyochezewa, wala mashini ya teneri inayodanganya. Lakini baba atajua kilichopaswa kulipwa kabla ya kukatwa chochote, na ataweza kuuliza: hii iliyopungua imeenda wapi? Kijana akiandika 28,5 na koma, kama tulivyofundishwa shuleni, programu itakataa. Python inataka nukta, 28.5. Kitabu kizuri kinakuonya hapo.

Kwa wanaopenda karatasi: Swinnen ana kurasa zaidi ya 400, usiprinti zote. Peleka faili kwenye sekretaria, uombe sura saba za kwanza, pande mbili. Za mbele ni za madirisha na mambo ya mtandao, zitangoja. Na mwambie mwenye mashini asikate upande wa kushoto wala asishone juu ya maandishi. Ndani ya Python nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ina maana yake. Ikipotea kwenye fotokopi, mtoto hataiona, na programu haitatembea.