Fahamu: Je, reli ya Lamu hadi Isiolo ina faida?
Machi 2012, LAPSSET, mradi wa bandari, reli na barabara za kuunganisha Kenya na Ethiopia, ulipozinduliwa Lamu, wakazi wa Isiolo waliahidiwa reli ya kufika baharini. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, lakini reli haijajengwa.

Reli hujilipa inapopata shehena nzito kila siku. Mifugo ya Isiolo, hata ikiwa mingi kiasi gani, haitoshi. Mzigo wa Ethiopia ndio ungeibeba, nao kwa sehemu kubwa hupitia Djibouti, iliyounganishwa na Addis Ababa kwa reli ya umeme iliyozinduliwa 2016.

Isiolo inaweza kupata reli kwa njia nyingine. Nanyuki, kilomita 80 hivi kutoka huko, ina reli ya kikoloni iliyofufuliwa 2020. Mteremko wa Mlima Kenya kati ya miji hiyo ni mkali, lakini umbali ni mfupi mno kuliko wa Lamu. Serikali ianzie hapo, iirefushe reli hiyo hadi Isiolo.